Kasa, Kenge na Visukuku: Mwongozo wa Kuwatazama Wanyama Watambaao na Vyura, kutoka Masirah hadi Tendaguru

Katika nyumba zetu nyingi za hapa Ghuba, mtoto akimwona mjusi ukutani, kilio cha kwanza ni "muue!", na kandambili imekwisha kurushwa. Wala hamlaumu mtu. Lakini mwulize mtoto huyo huyo jina la mnyama aliyempiga, kwa Kiswahili au kwa Kiarabu, naye atakwambia "lizard" kama alivyofundishwa skuli. Bibi yake angemtajia majina manne, na angemweleza yupi wa kuogopwa na yupi wa kuachwa apite.

Makala hii ni kwa wazee na wazazi wanaotaka kuyarudisha majina hayo, na kwa vijana wanaopenda kuwatazama wanyama hawa kwa macho yao. Imekusanya mambo matatu: majina ya wanyama watambaao na vyura katika lugha yetu, mahali pa kuwaona walio hai na mabaki ya waliokufa zamani, huku Arabuni na kule Afrika Mashariki, na adabu ya kuwatazama. Kwa maoni yangu mtu hawezi kukilinda kitu asichokijua jina, na wanyama kadhaa tutakaowataja wako mbioni kutoweka.

Ni wanyama gani tunaowazungumzia

Watambaao, ambao wataalamu huwaita reptilia, ni wanyama wenye magamba, wanaopumua kwa mapafu, na aghlabu hutaga mayai yenye ganda juu ya nchi kavu. Humo wamo nyoka, mijusi, kenge, vinyonga, mamba, kobe na kasa. Kasa huishi baharini maisha yake yote, lakini jike hana budi kupanda pwani kutaga.

Amfibia ni jamii nyingine. Ngozi yao ni laini, haina magamba, na hupitisha maji na hewa. Wengi huanza maisha majini wakiwa viluwiluwi, kisha huota miguu na kutoka nchi kavu. Chura ndiye tunayemjua sote.

Makundi yote mawili huitwa wenye "damu baridi", lakini msemo huo hupotosha kidogo. Damu yao si baridi. Ni kwamba joto la mwili wao hutegemea joto la nje. Mjusi huota jua asubuhi ili apate nguvu, na jua likiwa kali hujificha kivulini. Ndiyo sababu katika joto la Oman la mwezi wa Juni utatembea mchana kutwa bila kumwona hata mmoja, kisha baada ya magharibi ukawaona kila mahali.

Majina ambayo wajukuu wanafaa kuyajua

Tuanze na baharini, kwani hapo ndipo Kiswahili cha pwani kilipo tajiri zaidi. Wavuvi wetu hawakusema "kasa" tu wakanyamaza. Walitofautisha aina tano:

*Kasa wa kawaida*, ambaye Kenya huitwa pia kasa uziwa, ndiye mkubwa wa kijani anayekula majani ya baharini akiwa mtu mzima.

*Ng'amba* ana mdomo uliochongoka kama wa ndege, na gamba lake lenye madoa ya manjano na hudhurungi ndilo lililotengenezewa vitana, bangili na visanduku.

*Duvi* ana kichwa kikubwa na taya zenye nguvu za kuvunja kome na kaa.

*Kigome* ni mdogo kuliko wote hao.

*Noa* ni mkubwa kuliko wote, na mgongo wake hauna gamba gumu, bali ngozi nene yenye mistari.

Kobe ni mwingine kabisa. Kobe ni wa nchi kavu, ana miguu ya kutembelea. Kasa ana makasia ya kuogelea. Mtoto akilijua hilo moja amekwisha kuanza elimu.

Nchi kavu tunao *mjusi kafiri*, yule wa ukutani anayekula mbu na wadudu usiku; *guruguru*, mjusi mnene wa mashimoni; *kenge*, mkubwa mwenye ulimi uliogawanyika kama wa nyoka, anayekula nyama na mayai; na *kinyonga*, ambaye hahitaji kuelezwa. Katika nyoka tunao *chatu*, asiye na sumu, anayekaba. *Swila*, anayetuna shingo. Na *kifutu*, ambaye wengine humwita moma, mnene, mvivu wa kukimbia na mwepesi wa kuuma.

Watoto waliozaliwa huku humchanganya kenge na *dhabb* wa jangwani. Kenge wa hapa Waarabu humwita *waral*. Huwinda na hula nyama. Dhabb hula majani, ana mkia mzito wenye miba, na huchimba shimo refu mchangani. Ukiuona mkia wa miba, huyo ni dhabb, si kenge.

Hata methali zetu zimewategemea wanyama hawa. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Asiyesikia la mkuu huambiwa ana sikio la kenge. Mtoto asiyemjua kenge, methali hiyo ataisikia kama kelele tu.

Pa kuwaona katika Oman na nchi za Ghuba

Bahari ya Oman ina aina zote tano za kasa nilizozitaja. Nne hutaga katika pwani zake. Noa hupita tu majini.

*Ras al-Hadd na Ras al-Jinz*, mashariki ya mji wa Sur, ndiko wanakotaga kasa wa kawaida kwa maelfu. Eneo hilo lilifanywa hifadhi mwaka 1996. Hupanda karibu mwaka mzima, lakini wengi zaidi huonekana miezi ya joto, tangu Mei hadi Septemba. Wageni huingia usiku pamoja na mwongozaji, kwa makundi. Jike hupanda gizani, huchimba shimo kwa makasia, hutaga mayai kama 100 hivi, hufukia, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka. Jinsia yao huamuliwa na joto la mchanga: mchanga wa moto zaidi hutoa majike, wa baridi zaidi hutoa madume. Kwa hiyo dunia ikizidi kuwa na joto, kuna khofu ya kupatikana majike watupu.

*Visiwa vya Daymaniyat*, mbele ya pwani ya Barka na Seeb, ni mahali mashuhuri pa ng'amba. Navyo ni hifadhi tangu 1996, na huhitaji kibali kuingia.

*Kisiwa cha Masirah* ndicho cha duvi. Hesabu za miaka ya 1970 zilikadiria majike 30,000 kwa mwaka, na kwa muda mrefu palitajwa kuwa miongoni mwa mahali viwili vikubwa kabisa duniani kwa duvi. Tangu hapo wamepungua sana, na mwaka 2015 duvi wa upande huu wa Bahari ya Hindi waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Nyavu huwanasa, na taa za pwani huwapoteza watoto wao. Kitoto cha kasa hufuata upande wenye mwangaza akidhani ndiyo bahari. Taa ya barabarani humpeleka nchi kavu, akafa kabla ya jua kupanda.

Kwa wanaoishi Imarati: kasa walio katika malisho ya majani ya baharini ya Abu Dhabi wamewahi kufungwa vifaa vya setilaiti, wakafuatwa hadi pwani za Oman walikokwenda kutaga. Na katika miezi ya Januari na Februari, ng'amba wadogo walioishiwa nguvu kwa baridi husukumwa pwani wakiwa wamejaa chaza na makombe mgongoni. Ukimkuta, usimrudishe majini, hataweza kuogelea. Mweke kivulini na uwaarifu wahusika. Dubai kuna mradi wa kuwatibu kasa uliokuwapo tangu 2004.

Nchi kavu, nenda milimani na mabondeni. Katika milima ya Hajar, ya Oman na Imarati, kuna mijusi ambao hawapo mahali pengine popote duniani, akiwamo yule mwenye mkia wa buluu anayekimbia juu ya mawe ya wadi. Dhofar, kwa sababu ya mvua ya kharif, ina wanyama wenye kutukumbusha Afrika: kinyonga wa Kiarabuni, swila, na kifutu. Kifutu wa Dhofar ni aina ile ile ya kifutu wa Tanganyika na Kenya. Mzee aliyetoka Kilwa akimwona Salalah hahitaji kufundishwa.

Na vyura je? Watu hushangaa wakisikia kwamba jangwani wako. Katika Oman na Imarati kuna aina mbili zinazojulikana zaidi, chura wa Kiarabuni na chura wa Dhofar. Wa kwanza hukaa karibu na maji ya wadi na katika falaji, na ukikaa kimya kando ya falaji baada ya isha utamsikia. Wa pili huweza kujifukia ardhini wakati wa ukame mrefu, akatoka mvua inaponyesha, akataga haraka kabla kidimbwi hakijakauka.

Pwani na bara ya Afrika Mashariki

Familia zinazorudi likizo Unguja, Pemba, Mombasa au Dar es Salaam zina nafasi ambayo watalii huilipia fedha nyingi.

*Kisiwa cha Changuu*, mbele ya Mji Mkongwe, kina makobe wakubwa waliotoka Shelisheli. Wanne wa kwanza walitolewa zawadi mwaka 1919. Asili yao ni Aldabra. Mtoto humkaribia akamlisha majani, na khofu ya mnyama humtoka palepale.

*Pemba* ina mjusi wake wa kijani kibichi anayetembea mchana, ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine ila kisiwani humo. Mtazame kwenye migomba na minazi. *Misali*, upande wa magharibi wa Pemba, na *Mafia* ni mahali ambapo kasa bado hutaga.

Bara, milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ina vinyonga na vyura wengi wasiopatikana kwingine. Mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa milima ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, waliipa jina *Kinyongia*, kutokana na neno letu hili hili kinyonga.

Katika Udzungwa ndiko kilikotokea kisa ambacho kila mpenda wanyama anafaa kukijua, kisa cha chura wa Kihansi. Ni mdogo, hazidi sentimita 3, ana rangi ya manjano, naye hatagi mayai bali huzaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja tu, mahali pasipozidi hekta chache, palipolowana daima kwa manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Wakati huo huo bwawa la umeme lilikuwa likijengwa juu yake. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, na manyunyu yakaisha. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Huko korongoni yalitengenezwa mabomba ya kunyunyiza maji, lakini ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ukaingia. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wale wa Marekani, hasa wa Bronx na Toledo, walizaana. Mwaka 2010 kundi likarudishwa Dar es Salaam, na tangu 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Nchi ilihitaji umeme, na chura alihitaji manyunyu. Mimi sioni kwamba mmoja wao alikuwa mpumbavu kwa kutaka alichotaka. Ninachokiona ni kwamba alipona kwa sababu watu walikwisha kumtazama, kumpa jina na kumwandika kabla maji hayajakatwa. Laiti wangechelewa miaka mitano, angekwisha bila mtu kujua kwamba aliwahi kuwapo.

Visukuku: watambaao wa mawe

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa zamani iliyohifadhiwa ndani ya mwamba. Mnyama hufa, hufunikwa upesi na matope au mchanga, na kwa muda mrefu madini huingia mahali pa mfupa mpaka ukawa kama jiwe. Hii ndiyo njia pekee ya kuwaona watambaao wa zamani.

Huku Ghuba, wengi hudhani hakuna ila mchanga. Lakini katika miamba ya Al-Khoud, karibu na Maskati, vimepatikana vipande vya mifupa ya dinosaria wa mwisho mwisho wa zama zao, miaka milioni 70 hivi iliyopita. Na upande wa magharibi wa Abu Dhabi, katika miamba ya Baynunah yenye umri wa takriban miaka milioni 7, vimepatikana visukuku vya tembo, viboko, kobe na mamba. Mamba Abu Dhabi! Maana yake ni kwamba palipita mto mkubwa mahali ambapo leo hapana tone.

Afrika Mashariki ndiyo yenye hazina kubwa zaidi. *Tendaguru* ni kilima kaskazini-magharibi ya Lindi. Tangu 1909 hadi 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, watu wa makumbusho ya Berlin walichimba hapo mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mamia ya vibarua walichimba, na wapagazi wakabeba mifupa kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa katika Museum für Naturkunde mjini Berlin akiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mrefu kuliko kiunzi kingine chochote cha dinosaria kilichosimamishwa duniani.

Vitabu vingi huwataja wakuu wa msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig. Nasi tumtaje Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, aliyejua kuitambua mifupa ardhini, kuichimbua na kuifungasha ifike salama. Tumejaliwa angalau kulijua jina lake. Ya wapagazi wengi hatuyajui. Na swali la kwamba mifupa ile ibaki Berlin au irudi Tanzania linaendelea kujadiliwa hadi leo. Familia zilizo Ujerumani zinaweza kwenda kuiona na kuwaambia watoto ilikotoka na nani aliibeba.

Waingereza nao walichimba Tendaguru kuanzia 1924. Lakini jambo litakalowafurahisha zaidi wasomaji wetu ni la miaka ya karibuni. Visukuku vinavyopatikana Tanzania sasa hupewa majina ya Kiswahili, na majina hayo yameandikwa katika vitabu vya elimu dunia nzima:

*Asilisaurus kongwe* (2010), jamaa wa karibu wa dinosaria, wa bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania, mwenye umri wa takriban miaka milioni 240. Jina lake limetokana na *asili* na *kongwe*.

*Pakasuchus kapilimai* (2010), mamba mdogo wa ukubwa wa paka, wa bonde la Rukwa. Meno yake yalikuwa ya namna mbalimbali, kama ya mamalia. Nusu ya kwanza ya jina ni *paka*.

*Shingopana songwensis* (2017), dinosaria wa Songwe, aliyeitwa kwa upana wa mifupa ya shingo yake.

*Mnyamawamtuka moyowamkia* (2019), mnyama wa mto Mtuka, ambaye mfupa mmoja wa mkia wake ulikuwa na umbo la moyo.

Mtaje huyo wa mwisho mbele ya mjukuu wa miaka sita, uone kama hatacheka na kuomba umrudie. Profesa wa Tokyo au Chicago hujifunza kulitamka jina hilo kwa taabu. Mtoto wetu analielewa tangu mara ya kwanza.

Watu waliotazama kabla yetu

Pwani hizi mbili zimeunganishwa na wanyama hawa tangu zamani sana. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja magamba ya ng'amba yakinunuliwa Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki, na pia katika kisiwa ambacho wataalamu wengi wanasema ndicho Masirah. Biashara hiyo iliendelea hadi siku za wazee wetu. Leo imekatazwa kimataifa. Kama una kitana au bangili ya ng'amba uliyorithi, ihifadhi nyumbani. Usiivushe mpaka bila kuuliza kibali, kwani forodhani yaweza kuchukuliwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwapo Maskati tabibu Mhindi, Atmaram Jayakar. Kazi yake ilikuwa kutibu watu, lakini alikusanya samaki, mijusi na nyoka, akawapeleka makumbusho ya London. Mjusi mmoja mkubwa wa milima ya Hajar na nyoka mmoja wa mchangani wana jina lake katika elimu. Mtu huyo huyo alikusanya pia methali za Oman. Yeye hakuona tofauti kati ya kuandika methali na kuandika mjusi, nami nakubaliana naye.

Tanganyika alikuwapo Ionides (1901–1968), afisa wa wanyama pori wa Liwale, aliyekamata nyoka maelfu kwa ajili ya makumbusho na utafiti. Watu walimwita Bwana Nyoka. Na alikuwapo Arthur Loveridge, aliyefanya kazi Nairobi na Tanganyika, kisha tangu 1924 akawa Harvard, ambaye ndiye aliyewaorodhesha watambaao na amfibia wa Afrika Mashariki. Baada yao Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishiriki kuandika vitabu vya mwongozo ambavyo mpenzi wa fani hii hutembea navyo mpaka leo.

Namna ya kutazama

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kuna taratibu.

Chukua daftari. Nilikuwa karani miaka mingi, na nakwambia kitu kisichoandikwa siku hiyo hiyo huwa kimepotea. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, mnyama alikuwa akifanya nini, na jina lake kwa Kiswahili na Kiarabu. Kama hulijui, andika umbo na rangi, ukaulize wazee. Picha ya simu inafaa, lakini picha haisemi kama alikuwa akiota jua au akikimbia.

Chagua wakati. Mijusi ni asubuhi na alasiri. Vyura na mijusi ya ukutani ni usiku, khasa baada ya mvua.

Usiguse na usimfukuze. Ukiinua jiwe, lirudishe lilivyokuwa, kwani ni nyumba ya mtu. Mjusi akishikwa mkia huuacha, na kuuotesha mwingine humgharimu chakula cha siku nyingi.

Kwa kasa: usiwashe taa wala mwako wa kamera, usisimame mbele yake, kaa nyuma na unyamaze. Usiendeshe gari juu ya pwani wanakotaga. Plastiki yako urudi nayo nyumbani.

Kwa visukuku: tazama, piga picha, andika mahali, ukiache pale pale, ukaarifu makumbusho au chuo kikuu. Tanzania ni kosa kukichukua bila kibali. Na mfupa ulioondolewa mwambani bila kuandikwa hauna tena la kumwambia mtaalamu.

Tahadhari

Si kila nyoka ana sumu, lakini usijaribu kubahatisha. Oman na Imarati wapo nyoka wa jangwani wenye sumu kali, wakiwamo wenye pembe na wale wadogo wanaosugua magamba yao yakatoa mlio kama wa msasa. Nyoka wa baharini nao wana sumu. Akiwa amelala ufukweni kama amekufa, mwache. Vaa viatu vya kufunika, tembea na taa usiku, usitie mkono shimoni wala chini ya jiwe.

Mtu akiumwa: mtulize asitembee, mvue pete, bangili na saa, kiweke kiungo bila kutikisika, mkimbize hospitali. Oman piga 9999. Imarati gari la wagonjwa ni 998. Usikate jeraha, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza, wala usitie dawa ya kienyeji. Usimfukuze nyoka ili umpeleke daktari. Eleza tu umbo na rangi yake.

Pa kuanzia na watoto

Anzeni nyumbani, na mjusi kafiri wa ukutani. Jioni moja zimeni televisheni, mketi karibu na taa ya barazani, mhesabu amekula wadudu wangapi katika nusu saa. Mtoto aandike. Wiki ya pili nendeni kwenye falaji au wadi mkamsikilize chura. Makumbusho ya Historia ya Asili ya Al-Khuwair, Maskati, yanafaa kwa siku ya joto. Kisha, mkijaliwa, Ras al-Jinz.

Na katika kila safari, babu au bibi awepo, hata kama ni kwa simu kutoka Unguja au Lindi. Mtoto atume picha, mzee ataje jina. Majina kama kigome, noa na duvi leo yamo katika vinywa vya wavuvi na wazee wachache. Yakiandikwa katika daftari la mtoto kwa mwandiko wake mwenyewe, pamoja na tarehe na mahali, yatakuwa yamepata mahali pa kukaa.